Mithqal, Mtunza Mashine Iliyojaa

Watu wa Karak wakikwambia Mithqal alikuwa mpole, usiwabishie, ni kweli. Lakini ukiniuliza mimi niliyekaa naye chumba kimoja miaka na miaka, nikipokea simu za watu wanaolalamikia kompyuta zao, nitakwambia upole ule ulikuwa maradhi. Mtu akija kumwomba kitu, yeye kabla hajasikia mwisho wa ombi ameshaanza kuitikia kwa kichwa. Nilikuwa nikimwambia, "Mithqal, jifunze kusema hapana, neno lenyewe halina mwiba." Anacheka, ananimiminia chai, ananijibu, "Umm Saqr, wewe unazo hapana za kututosha sote wawili."

Kazi yake ilikuwa kutunza seva ya hospitali. Hospitali yenyewe ni ya binafsi na jina lake naliacha hapohapo lilipo. Seva ilikuwa moja tu, chini kabisa ya jengo, na wakubwa wetu, Mungu awape akili, walirundika kila kitu humo: duka la dawa, mapokezi, picha za eksirei, uhasibu, na kengele za wodi ya moyo. Mithqal aliomba ya pili, hakupewa. Akaomba basi iliyopo iongezewe kumbukumbu, akaambiwa ngoja. Akangoja. Nimekwambia alikuwa mpole.

Sasa hiyo kumbukumbu si pale mahali pa kuweka mafaili. Ni nafasi ya kufanyia kazi, kama meza ya jikoni: unapokata vitunguu unaitumia, ukimaliza unamwachia mwenzio. Siku moja nilimuuliza ikijaa inakuwaje.

"Programu ikiamka inaomba nafasi," akasema. "Mfumo endeshi unaogawa nafasi haukatai. Kila anayeomba unamwambia utapata."

"Kama mtu mmoja ninayemjua."

"Nisikilize basi. Unaahidi kwa sababu unajua wengi wao huomba kingi wakatumia kidogo. Ni kama mwenye harusi anayealika ukoo mzima, akapika mansaf, wali na nyama, ya kutosha nusu yao tu."

"Na wakija wote?"

"Kwanza mashine inaanza kuhangaika. Inatoa vitu kwenye kumbukumbu inavipeleka kwenye diski, inavirudisha, inavitoa tena, kila kitu kinakwenda kwa kutambaa. Ikishindwa kabisa, inachagua programu moja, inaiua."

"Inaiua vipi?"

"Inaiua tu. Haiagi, haiulizi. Nafasi yake wanagawana waliobaki, kazi zinaendelea."

Kukopa harusi, kulipa matanga! Nikamuuliza anayeuawa huchaguliwa vipi. Akasema mara nyingi ni yule anayekula nafasi kubwa kuliko wenzake. Isipokuwa, akasema, mtunza mashine anaweza kuitia programu alama ya "usiiguse," na mfumo utaipita hata kama ndiyo mlafi wa kwanza. Alipotamka hayo nilijua kabisa tutafika wapi, maana kwetu hapa kitu chenye alama ya kukingiwa hakikai siku mbili bila watu kukitafutia mjomba wa kuwapitishia.

Wa kwanza kuja alikuwa mkuu wa duka la dawa, na huyo simlaumu, dawa ni dawa. Wa pili akawa mtu wa eksirei, kwa kuwa mkewe ni wa ukoo mmoja na Mithqal. Halafu mapokezi, kwa sababu dada wa pale ni mke wa rafiki wa nani sijui. Na hawakuja ofisini kwa maneno matupu. Walikwenda nyumbani kwake kama watu wazima wanavyokwenda. Mgeni anakaa, anapewa kikombe cha kahawa, anakiweka chini hajakigusa. Mwenye nyumba anauliza, kulikoni? Mgeni anataja haja yake. Kahawa hainywewi mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunywa kahawa yako," na akishasema, haja imekubaliwa, neno halirudi tena mdomoni. Ukimwacha mgeni atoke na kikombe kimejaa, wajukuu zako watasimuliwa.

Basi Mithqal akawa anasema kunywa, kunywa, kunywa.

Lakini hakuwa mjinga. Alijua kwamba ukiwakinga wote, siku mashine ikijaa haitakuwa na wa kumwua, na hapo inasimama nzima nzima. Lazima abaki wa kuchinjwa. Akaubakiza uhasibu. Ndio uliokuwa mlafi kuliko wote, na ukiuawa hafi mtu: makarani wanaiwasha upya programu, wanaandika tena walichopoteza, wanatukana, yamekwisha. Yeye aliuita mbuzi wake. Kengele za wodi ya moyo nazo hazikuwa na alama. Programu yake ilikuwa ndogo, ikila kama ndege, na pakiwa na mbuzi mnono nani atamtazama ndege? Na tena, tusidanganyane, hakuna aliyekwenda kuiombea. Wodi ile ilikuwa na manesi wawili wasio na mjomba popote.

Hapo ndipo Shangazi Shuma alipolazwa.

Huyu ndiye aliyemlea Mithqal tangu mama yake alipofariki na baba akaenda kufanya kazi nchi za Ghuba. Mwanamke mfupi, mwenye ulimi wa kukata chuma. Nilipenda kwenda kwake ili nitukanwe tu. Moyo wake ulikuwa umechoka, mlango mmoja wa ndani ulishakwisha, na wa kuurekebisha alikuwa Amman. Kitanda cha Amman kilikuwa kimeahidiwa wiki ileile, na kumbukumbu mpya ya seva nayo, ajabu, safari hii ilikuwa njiani kweli. Daktari alimwambia Mithqal bila kupindisha: moyo huu unaweza kusimama wakati wowote. Ukisimama na mtu akafika mara moja na mashine ya kuushtua, atapona. Akichelewa, hapana. Kwa hiyo alifungwa nyaya kifuani, na namba zake zikawa zinaonekana kwenye skrini ya meza ya manesi. Kengele za vitandani zilipunguzwa sauti zamani kwa sababu wagonjwa walikuwa hawalali. Wote walitegemea ile ya mezani, na ile ya mezani iliendeshwa na seva yetu kule chini.

Wiki hiyohiyo uhasibu walikuwa wanafunga mwezi. Mbuzi akachinjwa Jumatatu, akachinjwa Jumatano, Alhamisi akachinjwa kabla na baada ya chakula. Mkuu wa uhasibu, Abu Inad, mtu wa masharubu na sauti ya kuitia kondoo mlima wa pili, alinipigia simu nikaiweka mbali na sikio.

"Mwambie huyo mwenzako, mimi ni mwanasesere?"

"Nitamwambia, Abu Inad."

"Eksirei hawaguswi! Dawa hawaguswi! Hata mapokezi, wanaojua kuandika majina tu, hawaguswi! Mimi peke yangu ndiye yatima?"

Ijumaa baada ya sala alikwenda nyumbani kwa Mithqal na wazee wawili wa ukoo wake. Mimi nilikuwa jikoni kwao, maana Shangazi yuko hospitali na nyumba haina mwanamke, nikasema nimpikie kijana supu ya dengu ampelekee mgonjwa. Pazia la mlango ni jembamba. Nilisikia vikombe vikiwekwa chini, kimoja, cha pili, cha tatu.

"Kunywa, Abu Inad," Mithqal akasema.

"Sinywi."

"Kulikoni?"

"Nina haja kwako."

"Haja yako naibeba kichwani pangu. Lakini niombe kingine. Au subiri siku chache, kumbukumbu mpya inakuja, sote tutapumua."

"Siku chache mwezi umeshanifunga mimi badala ya mimi kuufunga. Nataka alama, kama wenzangu."

Nikasimama na mwiko mkononi. Nikasema moyoni, sasa atamwambia. Atamwambia kwamba akimkinga yeye, anayebaki wa kuuawa ni kengele ya Shuma. Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Mwanangu, baba yako hakumrudisha mgeni hata siku moja, Mungu amlinde huko aliko." Basi. 

"Kunyweni kahawa yenu," Mithqal akasema.

Nilibamiza kifuniko cha sufuria mpaka wakasikia huko.

Walipoondoka alikuja jikoni. Sikumpa hata nafasi ya kukaa. "Hivi wewe una wazimu? Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba shangazi yako ana nyaya kifuani!"

"Mgeni yuko chini ya dari yangu, Umm Saqr. Nimwambie ombi lako litamwua mtu wangu? Si sawa na kumtandika kofi na kumwonyesha mlango? Atatoka hapa amebeba aibu asiyoitafuta."

"Aibuu! Basi kengele nayo itie alama."

"Nikiitia, hakuna wa kuuawa. Mashine itasimama yote, na kengele itasimama nayo, na dawa, na kila kitu."

"Basi usimtie Abu Inad. Mdanganye. Atajuaje?"

Alinitazama kama vile nimemtemea mate. "Nimempa neno," akasema, na akachukua supu yake akaenda.

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nimemkasirikia mpaka leo. Ahadi ni deni, sawa, nani hajui? Lakini deni la nani linalipwa na nani?

Jumapili asubuhi aliitia alama programu ya uhasibu. Kisha akapanda wodini kumweleza Shangazi mwenyewe, nami nikapanda naye kwa kuwa nilitumaini yule bibi atamtia akili. Alikuwa ameegemea mito, uso una rangi ya majivu, ulimi mzima kama zamani.

"Umemleta na huyu mdakuzi?" akasema aliponiona.

"Nimekuja kuhakikisha unakufa kweli," nikamjibu. Akacheka akashika kifua.

Mithqal akamweleza. Bibi hakuelewa mambo ya kumbukumbu wala programu, ila alielewa neno, kikombe na Abu Inad. Akauliza kitu kimoja tu. "Walikunywa?"

"Walikunywa, shangazi."

"Basi yamekwisha." Akampapasa shavu. "Sikukulea uwe mtu wa kusema na kula matapishi yake. Lete kiti ukae hapa, kazi ya kengele utaifanya wewe. Kelele zako zinatosha."

Nikajua hapo sina wa kunisaidia.

Akaleta kiti kweli. Akakaa kando ya kitanda, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa Shangazi, akihesabu mapigo huku anamsikiliza akiwasema majirani. Alimwambia nesi wa zamu, Ruwayda, kwamba hataondoka hapo mpaka kitanda cha Amman kipatikane. Ruwayda, binti mwenye huruma, akamletea mkate na viungo vya zaatari.

Mchana waalikwa wote wa harusi wakafika pamoja. Uhasibu walikuwa wanafunga mwezi, eksirei wana msururu wa watu wa ajali ya barabarani, mapokezi wanaandikisha hao hao, na duka la dawa ndio usiseme. Simu zangu zikaanza. Skrini imeganda. Nabonyeza haisikii. Umm Saqr, mmelala huko? Kisha akapiga mkurugenzi mwenyewe. "Mithqal yuko wapi?"

"Yuko wodini na mgonjwa wake."

"Wodini kuna madaktari. Mtu wa mashine ni yeye. Ashuke sasa hivi, nina majeruhi hawapigwi picha."

Nikampigia. Baadaye Ruwayda alinisimulia alivyosita, alivyosimama akakaa akasimama tena. Ruwayda mwenyewe alikuwa anasukuma kitanda cha mgonjwa mwingine kwenda eksirei. Nesi mwenzake pale mezani akamwambia, "Nenda tu, kaka. Namba zake ziko mbele ya macho yangu, sibanduki." Na Shangazi akamwambia, "Nenda ukawanyamazishe, nilale kidogo."

Akashuka mbio. Alipoandika kitu kwenye mashine, herufi zilitokea moja moja, kwa tabu.

"Imebaki nafasi kiasi gani?" nikamuuliza.

"Haijabaki. Tumepungukiwa kidogo tu."

"Mtoe Abu Inad! Mtoe sasa, Mithqal!"

Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya vitufe. Niliviona vimesimama. "Ngoja kwanza nifunge vyangu," akasema, na akaanza kufunga vijiprogramu vyake mwenyewe vya kuangalizia mashine, vitu ambavyo hata vikifungwa vyote havishibishi kuku. Amri ya kwanza ikaingia baada ya kungoja sana. Ya pili haikuingia.

Halafu, ghafla, mashine ikawa nyepesi. Skrini ikafunguka. Simu zikanyamaza, zikaanza tena, lakini safari hii kwa furaha. Mtu wa eksirei, "Mikono yako ibarikiwe, inakimbia kama swala!" Mapokezi, "Mungu awape afya!" Nikacheka kwa kupumua, nikapiga meza, nikasema vile vijiprogramu vyako kumbe vina kazi. Mkurugenzi akapiga akataka kusema na Mithqal, na wewe unajua maneno ya kwetu yalivyo: Mungu akupe nguvu, na wewe akupe nguvu, umetuinua kichwa, kichwa chako ndicho kimeinuka, habari za shangazi, yuko katika ulinzi wa Mungu, ahsante, hapana ahsante wewe. Mithqal alijibu yote, moja moja, macho yakiwa kwenye skrini akitafuta pale mfumo unapoandika ulichokifanya. Mkubwa hakatwi simu.

Alipoweka simu chini alikuwa ameshauona mstari. Mfumo huandika jina la programu uliyoiua. Sikuhitaji kuusoma, nilimsoma yeye. Kiti kilianguka nyuma yake.

Nami nilimfuata, na mwili wangu huu, ngazi zote zile. Pale kwenye meza ya manesi yule binti alikuwa amekaa vilevile, hajabanduka, macho kwenye skrini kama alivyoahidi. Namba zilikuwa nzuri kabisa. Moyo unapiga vizuri, pumzi vizuri. Zilikuwa namba za mwisho kabla programu haijauawa, zimebaki zimeganda hapo, na binti maskini alikuwa anamlinda mgonjwa ambaye hayupo tena.

Shangazi Shuma alikuwa amelala ubavu, mkono umening'inia nje ya kitanda, midomo ya buluu. Walimkimbilia na mashine ya kumshtua, Ruwayda akaja mbio akapanda kitandani kumkandamiza kifua mpaka jasho likamdondoka, daktari akaja. Walifanya kila kitu. Ilikuwa imechelewa, na kila mtu aliyesimama pale aliliona hilo kabla daktari hajalitamka. Mithqal alisimama ukutani mikono ameikunja kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alitazama vitanda vingine, mmoja baada ya mwingine, na wale waliokuwemo wenye nyaya vifuani, wanaomtazama kwa woga. Akaniambia, "Hawa hawana kengele." Akageuka, akashuka.

Chini alikaa, akaandika. Kuiwasha kengele tu hakukutosha, mashine ingejaa tena na kuiua upya. Nilimwona akiondoa ile alama ya uhasibu, kisha akaiua programu yenyewe kwa mkono wake. Jambo lile lilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Akaiwasha kengele, akaitia alama. Nikampigia Ruwayda.

"Namba zinatembea?"

"Zinatembea," akasema, akilia.

Simu ikaita papo hapo, nikajua nani. Nilitaka kuikata lakini Mithqal alininyang'anya mkononi.

"Umenivunjia!" Abu Inad alikuwa anapiga kelele hata mimi nikisikia. "Mbele ya wazee wangu ulinipa neno, na kazi ya asubuhi nzima imepotea! Mwanamume gani wewe?"

"Ni kweli, Abu Inad, nimelivunja," Mithqal akasema. "Ningelivunja asubuhi, shangazi yangu angekuwa hai." Akamweleza yote. Kengele ilikuwa wapi, nani alibaki wa kuuawa, kwa nini. Aliyasema polepole, maneno yaleyale niliyotaka ayaseme Ijumaa.

 Sauti ile kubwa ikarudi ndogo, kama si yake.

"Si ungeniambia, mwanangu? Hesabu zangu si ningeziandika kwa mkono?"

Mithqal akailaza simu mezani bila kuikata, akaweka uso juu ya mikono yake, na Abu Inad akaendelea kumuuliza.